Rupia Iliyosuguliwa

Bibi mmoja wa Pangani alipofariki, mjukuu wake alipewa kifuko cha kaniki kilichokuwa chini kabisa ya kasha la nguo. Ndani yake mlikuwa na sarafu mbili za fedha. Moja ilikuwa kubwa na nyeupe kiasi, yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Nyingine, ndogo kidogo, ilikuwa nyeusi tii. Upande mmoja ulikuwa na mwanamume mwenye masharubu na kofia ya chuma iliyotuliwa na tai, upande wa pili simba mbele ya mti kama mnazi, na mwaka 1893.

Kijana akapiga hesabu ya harakaharaka. Ya 1780 ina umri mkubwa, basi hiyo ndiyo mali. Ile nyeusi nayo ioshwe, huenda ikapata mnunuzi. Akatwaa ukwaju, majivu na kitambaa, akasugua hadi simba akameremeta. Kesho yake akazipeleka zote mbili kwa sonara mzee mjini Tanga.

Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliishika ile kubwa kwa ncha za vidole, ukingoni, akaizungusha taratibu. Ukingo wake una maandishi ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma, nayo yalikuwapo. Lakini juu ya kichwa cha yule mwanamke herufi mbili zilikuwa zimefutika, na pale palibaki uvimbe mdogo wa risasi ya kulehemu. Sarafu ile, yaani riale, iliwahi kuwa kidani.

"Na mwaka je, babu? Elfu moja mia saba na themanini!"

"Mwaka huo usikuhadae, mjukuu wangu."

Mzee alisema kweli. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alikufa mwaka 1780, lakini wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikwisha kuizoea sura yake, hawakutaka nyingine. Kwa hiyo riale iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule: kwanza katika himaya ya Austria, kisha Rome tangu 1935 Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, na baadaye London, Bombay na kwingineko. Uzani wake ni gramu 28.07, na katika sehemu 1,000 fedha ni 833. Iliyopigwa karne ya 20 na iliyopigwa mwaka aliokufa Maria Theresa zote zinasema 1780, na nyingi zilizomo makashani ni za baadaye. Riale ya kawaida, tena yenye kovu la kidani, thamani yake haiendi mbali na ile ya fedha iliyomo.

Ndipo akaichukua ile ndogo. Akaiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 23.3. Akawasha taa moja tu, akaiinamisha sarafu huku na huku chini ya mwanga, kisha akanyamaza kitambo.

"Nani kaisugua hii?"

"Mimi, babu. Ilikuwa chafu."

Ilikuwa sarafu ya rupia mbili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, zikifuata uzani na ubora wa rupia ya India: gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1,000. Rupia moja zilitoka kwa wingi na hata leo zinaonekana. Rupia mbili zilipigwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, na wakusanyaji wa sarafu huko Ujerumani wanazitafuta sana.

Mzee alimpa kijana lenzi, akamwonyesha. Sarafu inayopita mikononi huanza kulika pale palipoinuka: yule tai juu ya kofia, masharubu, shavu, na manyoya ya shingoni mwa simba. Hapa manyoya yalikuwa yamesimama unyoya kwa unyoya. Mabawa ya tai yalikuwa kamili. Maana yake bibi, au aliyempa bibi, aliiweka kando ikiwa bado mpya. (Wakati mwingine sehemu hizo huwa bapa tangu kuzaliwa, kwa sababu mhuri haukukandamiza sawasawa. Tofauti ni kwamba hapo ngozi ya awali bado ipo, ilhali palipolika huwa laini na pamefifia.)

Lakini uwanda uliozunguka sura ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikifuata mwendo wa kitambaa. Weupe wake ulikuwa wa sufuria, si wa fedha mpya. Mhuri unapoipiga fedha, metali husogea kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo mno, na mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke ukiinamisha sarafu. Majivu yalikuwa yameifuta. Kwenye vishimo vya herufi weusi ulibaki, na huo ni ushahidi mwingine: sarafu nyeupe yenye herufi nyeusi imeoshwa.

Ule weusi wenyewe haukuwa uchafu. Ni salfa ya hewani, na ya nguo, iliyoungana na fedha ikafanya utando mwembamba. Wakusanyaji huupenda ukiwa wa asili na umeenea vizuri, kwa kuwa unaonyesha kwamba chini yake hapajaguswa. Mimi simlaumu kijana sana. Nyumbani kwetu chombo cheusi ni aibu ya mwenye nyumba, na hakuna aliyemwambia kwamba sarafu haihesabiwi miongoni mwa vyombo.

Wapimaji wa kimataifa hutumia kipimo cha 1 hadi 70 alichokibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, na kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyowahi kutumika. Rupia ile huenda ingefika huko. Kampuni kama PCGS na NGC za Marekani zikikuta sarafu imesuguliwa, haziipi namba kabisa. Huandika tu hali yake kwa jumla pamoja na neno la kwamba imesafishwa, na bei huporomoka.

"Nikiiacha, haitarudi kuwa nyeusi?" kijana akauliza.

"Itarudi. Ila mikwaruzo itabaki chini yake, na anayejua ataiona."

Kijana aliziuza zote mbili hapohapo, riale kwa bei ya uzani wake na rupia kwa bei ya uzani na nyongeza ndogo.

Nawe ukifungua kasha la wazee ukakuta fedha nyeusi, ishike ukingoni, ipime, ipige picha pande zote mbili, uihifadhi ndani ya karatasi kavu wala si mfuko laini wa plastiki, ambao huacha utando wa kijani. Kisha mtafute ajuaye akaione ikiwa vilevile ulivyoikuta.