Nani Atabaki na Kelele?

Mtu wa Isiolo akipigiwa simu na ndugu aliye Nairobi, swali la kwanza baada ya salamu ni hili: "Huko kumetulia?" Jibu, Mungu akipenda, ni "Kumetulia." Hapo hakuna anayezungumzia ndege wala upepo. Maana yake ni kwamba hakuna aliyepigwa risasi, ng'ombe wako zizini, maduka yamefunguliwa. Aliyekuwa hapa 2011 na 2012, jamii zilipopigana na familia zikahama mitaa na magodoro kichwani, anajua kuwa mji huu ukinyamaza kabisa unaanza kutafuta viatu vyako. Bulla Pesa yenye kelele ndiyo Bulla Pesa salama: bodaboda, adhana za misikiti zinazopishana kwa sekunde chache, watoto wa madrasa, mbuzi wa jirani aliyejifunza kufungua geti.

Kwa hivyo nilicheka kidogo rafiki zangu wawili walipoleta wazo la kupanda Timau mwezi wa saba. Tukodi nyumba ya mbao, siku mbili, tuote moto, simu zizimwe. Tangazo la nyumba yenyewe liliahidi "utulivu kamili". Nilicheka, halafu nikatuma mchango wangu kwa M-Pesa, kwa sababu nautaka huo utulivu sana.

Safari yenyewe ni fupi. Isiolo iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya bahari. Ukipita njia panda ya Subuiga ukaendelea kupanda, kabla hata hujamaliza karanga zako uko juu ya mita 2,000, kwenye mashamba ya ngano na maua, Mlima Kenya uko kushoto kwako na sweta uliyoidharau nyumbani unaililia. Wazungu wana theluji, sisi tuna Julai. Bei ya usiku mmoja ni mbuzi mzima, tena si mbuzi wa kukopesha.

Kuna wanaosema huu ni uzungu tu, kulipa pesa ukakae mahali pasipo na watu. Siwaamini. Bulla Pesa inajua kujitenga kuliko tangazo lolote. Kila Ramadhani, kumi la mwisho, kuna wanaume wanaoingia itikafu: wanaacha duka, wanaacha simu, wanakaa msikitini usiku na mchana. Hakuna anayewaita wavivu, na wakitoka tunawaona wamerudi na uso mwingine. Hitaji la kunyamaza kidogo ili ujisikie ni la binadamu, halikuletwa na ndege.

Ila angalia itikafu kwa makini. Jua likikaribia kuzama, watoto wanapita na sufuria zilizofunikwa, wanapeleka futari. Usiku wanapeleka daku. Mtu fulani amepika, mwingine amekaa dukani, mwingine ameamka na mtoto mwenye homa. Hata Mtume Muhammad (S.A.W.), kabla ya wahyi, akijitenga pango la Hira, masimulizi yanasema alikuwa akirudi kwa Bi Khadija kuchukua chakula kisha anapanda tena. Na yule Mmarekani Thoreau, ambaye wapenda vibanda vya msituni humtaja kila mara, alijenga nyumba yake kando ya ziwa Walden mwaka 1845 kwenye ardhi ya rafiki yake Emerson, na mwenyewe ameandika kwamba kila siku moja au mbili alitembea hadi mjini kusikia umbea. Sisemi hivyo kumkejeli. Nasema tu sijapata kusikia mtu aliyejitenga bila mtu wa kubeba sufuria.

Sasa mchukue binamu yangu. Alikaa fora, yaani kambi ya mbali ya mifugo, miezi minne na ngamia wa familia. Ukimya aliokuwa nao huko hata Timau hauuzwi. Nyota zote zake, jirani hakuna, mtandao hakuna. Aliporudi mjini aliingia hoteli moja karibu na stendi, akaagiza chai, akakaa mpaka jioni akisikiliza watu wazima wakigombana kuhusu Arsenal. Nilimuuliza kama alipumzika huko. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jela ilikuwa na mandhari nzuri.

Kumbe kinachopumzisha si ukimya peke yake. Mimi nitazima simu Ijumaa nikijua nitaiwasha Jumapili. Binamu yangu hakuwa na Jumapili. Tunacholipia kule juu ni uwezo wa kuingia katika ukimya na kutoka tukitaka, na uwezo huo ndio ambao hapa kwetu haukugawanywa sawa tangu zamani. Chini ya Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934, mtu wa kaskazini alihitaji kibali kuvuka kwenda kusini, na Isiolo ndipo palipokuwa mlango. Wazee bado wanasema "naenda Kenya" wakimaanisha Nanyuki. Upande wa pili, nyanda za Laikipia zilipata upana wake mtulivu baada ya mkataba wa 1911, Wamaasai walipohamishwa kwenda kusini na ardhi wakapewa walowezi. Unaposimama kwenye baraza ya mbao, kikombe mkononi, ukasema "hapa hakuna mtu", inafaa kukumbuka kwamba sehemu nyingine za milima hii watu waliondolewa. Hilo halinizuii kwenda. Linanizuia kuuita ukimya ule zawadi ya maumbile.

Lakini historia ni rahisi kuijadili kwa sababu walioitenda wamekufa. Kilicho kigumu kiko nyumbani kwetu, na ni dada yangu.

Dada yangu yuko kwenye biashara ya maziwa ya ngamia. Mitungi inakuja kutoka malishoni, anapokea, ananusa, anapima, anapakia basi la Nairobi yafike Eastleigh kabla hayajaharibika. Ngamia hawana sikukuu. Akimaliza hapo kuna nyanya, ambaye dawa zake za presha ni zamu yangu wikendi. Nikienda Timau, zamu hiyo inamwangukia nani? Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuulizwa. Ilichukuliwa kwamba atafanya, kama maji yanavyochukuliwa kwamba yatateremka.

Hapo ndipo ninapoliona swali la kimaadili lenyewe. Rafiki yangu mmoja ananiambia niache kujitesa: ukihesabu kila pumziko utapumzika lini? Ana haki kiasi. Mtu anayekwenda mlimani na hatia begani angebaki tu nyumbani. Lakini kuhesabu na kujitesa ni mambo mawili. Wachungaji kisimani wanahesabu zamu za kunywesha, na ni kwa sababu wanahesabu ndiyo kila mtu anaweza kulala kivulini akisubiri yake. Zamu isiyohesabiwa huwa ya mtu mmoja milele, na kwa nyumba nyingi ninazozijua mtu huyo amevaa dera. Kwa hiyo utulivu nautaka kama zamu. Nikiuchukua kama bidhaa niliyolipia tu, kelele nilizoziacha nyuma zitakuwa zimehamia kwa mwingine, tena bila malipo.

Tulikaa tukaongea, mimi na yeye, tukiwa tumekunja miguu kwenye mkeka na nyanya akijifanya amelala. Nilimwambia aende kwanza, mimi na marafiki tusogeze yetu mbele. Nilidhani atafurahia ile nyumba ya mbao. Akaniuliza, "Nitoke kwenye moshi wa jikoni nikaote moshi mwingine?" Anachotaka ni chumba Nanyuki, chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji ya moto, na televisheni aiwashe kwa sauti anayoitaka yeye.

Ataenda wiki ya pili ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa na mwanawe mkubwa akiweza kukaa na wadogo. Mimi nimeanza kufundishwa kutambua kwa pua mtungi ulioanza kuchacha. Maziwa huingia saa kumi na moja alfajiri.