Mtego wa Waya na Nyama ya Kibudu

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa wanaadamu na wanyama, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Machi 2020 zilienea khabari za twiga jike mweupe na mtoto wake waliouawa na majangili huko Ishaqbini, upande wa Ijara, katika Garissa. Iliyokutwa ni mifupa mitupu. Walimwengu walisikitika kwa ajili ya weupe wao. Lakini sisi twauliza: wale wasiokuwa weupe, wanaonyongwa kwa matanzi ya waya vichakani pasina mtu wa kuandika khabari zao, hao hawana Mola?

Twajua jawabu tutakalopewa. Tutaambiwa kuwa mawindo ni halali, na kwamba si haki yetu kuharamisha alichohalalisha Mungu. Ni kweli, mawindo ni halali. Lakini halali hiyo ina masharti, na mtego wa waya huyavunja. Aya ya tatu ya Suratul Maida imemtaja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kunyongeka kuwa ni haramu, ila akidirikiwa yu hai akachinjwa. Basi mtegaji afungaye waya penye njia ya kwendea maji, akaenda zake, akarejea kesho yake akamkuta paa amekwisha kufa, huyo auza nini ila kibudu? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wamekhitilafiana juu ya twiga, wako waliomhalalisha na wako waliomharamisha. Juu ya kibudu hapana aliyekhitilafu.

Tena kuna adhabu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kisu kinolewe ili mnyama asiteseke, akakataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na akatupa khabari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Waya hufanya yayo hayo: humfunga mnyama, hukata ngozi na nyama, naye hana maji wala malisho. Wala hauchagui, humnasa mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Yuko hirola, ambaye nchi yake ya asili ni mpakani mwa Kenya na Somalia. Wakadiriwa kuwa hawafiki hata 500. Watu wa Ishaqbini, Waislamu wenzetu, walitoa ardhi yao, na mwaka 2012 wakamtengea hifadhi yenye ua. Mungu awalipe kheri.

Ama serikali, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya 2013 ikakaza zaidi. Hata hivyo hawakosekani watakao mlango ufunguliwe. Mwaka 2004 ulipita Bungeni mswada ambao wengi waliuona kuwa ungerudisha uwindaji wa mchezo. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Muislamu asidhani kuwa marufuku hiyo yapingana na dini yake. Mwenye kuhirimia hakatazwi mawindo ya bara? Na Mtume hakuifanya Madina kuwa ni haramu, mawindo yake yasifukuzwe? Kuzuia mawindo kwa maslaha, mahali au wakati, si jambo geni kwetu.

Huenda msomaji wa Lamu au Mombasa akasema kuwa ya Garissa hayamhusu. Yamhusu, kwani sheria ni moja, Bunge ni moja, na mtegaji hategi ila kwa kuwa yuko mnunuzi.

Basi yatupasa mambo matatu: tusinunue nyama ya mwitu hata ikiwa rahisi, makhatibu wetu waliseme jambo hili juu ya mimbari, na tuwaambie wabunge wetu wazi kwamba atakayetaka kuifungua marufuku ya 1977 asitarajie kura zetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake, ili nasi tuhurumiwe. Amin.