Mpira wa Kwetu na Vita vya Mataifa

Wamo katika mtaa wetu vijana wanaojifunza kazi ya uandishi wa habari. Mmoja wao ana mapenzi mawili. Asubuhi husikiliza habari za vita vya Sudan, vilivyoanza Aprili 2023, na za mashariki ya Kongo. Jioni yuko kiwanjani na daftari lake, akiandika mechi za ligi ya wilaya. Wazee wengine humwambia aache mpira, maana ni mchezo tu, ashike mambo mazito. Wengine humwambia aache vita vya watu, havimhusu, aandike ya kwao. Sisi twauliza swali lililo nyuma ya maonyo hayo yote: je, ni halali moyo mmoja kubeba mambo ambayo uzito wake haulingani hata kidogo?

Hatusemi kwamba yanalingana. Bao likikataliwa watu hununa hadi kesho. Mtu akiuawa, nyumba yake hubaki na pengo daima. Lakini uzito wa jambo ni kitu kimoja, na uaminifu wa mwenye kulisimulia ni kitu kingine. Uaminifu huo hupatikana wapi?

Sisi tuliokaa miaka mingi katika vyuo vya ualimu twajua kwamba mwanachuo haachiwi darasa peke yake siku ya kwanza. Hufundisha mbele ya mkufunzi, naye husahihishwa. Mwandishi wa mpira anao wakufunzi wengi, nao ni wote waliokuwapo kiwanjani. Akimpa mtu bao la mwenzake, kesho yake sokoni atasimamishwa na mama wa mfungaji. Akimwonea mwamuzi, ataulizwa alikuwa amekaa upande gani. Lakini akiandika juu ya kijiji kilichochomwa moto nchi ya mbali, nani atamsimamisha? Waliokuwapo wamekufa au wamekimbia, na gazeti lake halitawafikia. Huko anayemsimamia ni dhamiri yake tu, na dhamiri isiyozoezwa nyumbani haiamki ghafula ugenini.

Tena tulitazame jambo hili. Katika habari za mpira kila mchezaji hutajwa kwa jina, hata aliyeingia dakika tano za mwisho. Katika habari za vita twasoma: watu arobaini wameuawa. Basi. Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, nyumba iliyokuwa na kijana mstari wa mbele haikuuliza wamekufa wangapi. Iliuliza ni nani. Kijana aliyezoea kutafuta jina la mchezaji wa akiba ataona haya kuandika maiti arobaini bila kuuliza walikuwa akina nani.

Hata hivyo upo mtego. Mwezi Juni 1969 timu za El Salvador na Honduras zilicheza mara tatu kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 1970. Tarehe 14 Julai jeshi la El Salvador liliivamia Honduras, na mapigano yakaendelea kwa siku nne hivi. Dunia ikaviita Vita vya Mpira, na jina hilo likabaki. Lakini chanzo kilikuwa ardhi. Wakulima wengi wa El Salvador, waliokosa mashamba kwao, walikuwa wamehamia Honduras, nao walikuwa wakinyang'anywa ardhi na kufukuzwa. Jina tamu la magazeti likafunika kilio cha mkulima.

Ndiyo hatari ya kusimulia vita kama mechi. Kiwanjani mwandishi aweza kuwa na timu yake moyoni, na hakuna anayekufa kwa hilo. Vitani, akianza kuhesabu wafu wa upande mmoja kama mabao ya upande mwingine, amekwisha kuacha kazi yake, hata kama idadi zake ni sahihi. Basi kijana na achukue kiwanjani uangalifu wa majina, na shangwe aziache huko huko.

Kwamba mtu aweza kuyabeba yote mawili, mfano tunao hapa Afrika Mashariki. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alipiga picha za mashindano ya magari ya Safari Rally, na ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoiamsha dunia kutoa msaada. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa kazi, John Mathai, akauawa. Mwandishi wa vita naye ana jina na nyumba inayomngoja. Kwa hiyo wazazi wanaoogopa hawakosei, wala tusiwacheke.

Lakini tusimwambie kijana achague. Yatupasa kumdai jambo moja tu: atuandikie wafu wa mbali kwa uangalifu ule ule anaotuandikia watoto wetu wanaocheza. Nasi tuna wajibu wetu. Atakapotuletea habari ya mechi ya Jumamosi, tuliokuwapo tuisome yote, na penye kosa tumsahihishe bila kumwonea haya. Huenda siku moja watu tusiowajua wakasimuliwa kwa haki kwa sababu hiyo.