Sauti Yenyewe Ni Ipi?

Jumamosi nilizivuta spika zangu sentimita 60 kutoka ukutani. Zamani zilikuwa zimebanwa kwenye kona, besi ikinguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Nikatandika zulia juu ya saruji, nikashusha pazia zito, nikakaa mahali ambapo umbali wangu na kila spika ni sawa na umbali kati ya spika zenyewe. Mwimbaji akatokea katikati, pasipo na spika yoyote. (Waya mnene aliouza fundi kwa bei ya mbuzi haukubadili kitu.)

"Sasa ndiyo sauti yenyewe, baba watoto?" mke wangu akauliza.

Swali hilo limeninyima usingizi. Niliyekuwa nikimsikiliza ni Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Yenyewe ipi? Ya chumba kile cha Bombay? Ya santuri, yenye dakika tatu hivi kila upande na mikwaruzo yake? Au ya koo la mtu aliyefariki mwaka 1950? Zulia halikumgusa Siti. Limenyamazisha mwangwi wa sakafu yangu tu, uliokuwa ukimfunika. Kumbe nilichopunguza ni nyumba yangu, labda na mimi mwenyewe kidogo. Ila siwezi kujipunguza hadi nikaisha, maana nani atabaki asikilize?

Nilimjibu kwamba imekaribia. Akasema zulia ni la chumbani, lirudi. Tumeafikiana: Jumamosi tu, baada ya isha.