Usiuache Mtumbwi: Nasaha kwa Aliyepinduka Akiwa Peke Yake



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyetutiishia bahari na maziwa ili vyombo vipite kwa amri Yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu na dada zangu, nasaha hii inatoka nyumbani kwetu Katwe, wilaya ya Kasese. Anayeijua Katwe anajua kwamba tuna maji mawili. Upande mmoja ni Ziwa Edward, maji matamu, tunakovua ngege. Ukivuka ukingo mwembamba wa ardhi, unakuta ziwa la chumvi. Mtoto wa Katwe akisoma Surat Faatir, aya ya 12, haitaji mfano mwingine. Leo nazungumzia maji matamu, kwa sababu huko ndiko mjomba wangu alikopinduka.

Lakini nianze na kupinduka kwangu. Katika mwaka wa pili chuoni nilifeli masomo mawili. Mama yangu anauza chumvi ili nilipe ada, na sikuweza kumwambia. Niliona aibu hata kusimama kwenye safu nyuma ya imamu. Nikakosa Ijumaa moja, ya pili, ya tatu. Nikapanga kuacha chuo niende Kampala, mahali ambapo hakuna anayenijua. Likizo nikarudi nyumbani kuchukua nguo. Mjomba aliniangalia siku mbili bila kuuliza kitu. Siku ya tatu, tukishona nyavu, akanisimulia.

Yeye huvua usiku pamoja na mwenzake. Usiku ule mwenzake alikuwa na malaria, akaenda peke yake, na mwenyewe anakiri lilikuwa kosa. Upepo ukashuka ghafla kutoka upande wa milima ya Rwenzori, wimbi likampiga ubavuni akivuta wavu, mtumbwi ukapinduka.

"Nilipotoa kichwa juu ya maji niliona taa za Katwe," aliniambia. "Mpwa wangu, zilikuwa karibu mno! Moyo ukaniambia: ogelea."

Hakuogelea. Wavuvi wanajua kwamba taa za usiku juu ya maji hudanganya macho, na kwamba karibu na ufuko ndiko waliko viboko. Tena mtumbwi wa mbao, hata ukiwa umelala kifudifudi, unaelea. Akaushika.

Kwanza akakata kamba ya wavu, kwa kuwa wavu ulikuwa unauvuta mtumbwi. Ulikuwa wavu mpya, deni lake halijaisha. Akasubiri upepo upungue. Kisha akafunga kamba kwenye ukingo wa upande wa pili, akaipitisha juu ya tumbo la mtumbwi, akakanyaga ukingo wa upande wake na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Akajaribu tena na tena mpaka ukageuka. Ulikuwa umejaa maji hadi ukingoni. Akafua maji kwa kipande cha jerikeni alichokuwa amekifunga ndani tangu nchi kavu, mwanzo akiwa majini, baadaye akapanda kwa nyuma. Alfajiri wavuvi wengine wakaiona tochi yake, wakaja.

Nikamuuliza, "Mjomba, hukuomba dua?"

Akacheka. "Nilikuwa naomba, na mikono inafanya kazi."

Baadaye nilisoma kuhusu katamarani, ile mashua ya tanga yenye mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa boriti. Nikaona kwamba anayepinduka nayo peke yake anafundishwa karibu mambo yale yale. Ndugu zangu, hapa kuna mafunzo manne.

La kwanza: usiuache mtumbwi. Mtoto wa Nabii Nuh (A.S.) aliona mlima, akadhani mlima utamwokoa na maji. Surat Hud, aya ya 42 na 43, inatueleza mwisho wake. Kampala yangu ilikuwa mlima wa namna hiyo. Ewe uliyeteleza, usiseme, "Nitaswali nikishakuwa msafi." Swala yako, hata kama imejaa maji, bado inaelea. Ishike hivyo hivyo ilivyo.

La pili: kata kinachokuvuta. Mwenye katamarani hulegeza kwanza kamba ya tanga, maana tanga lililokazwa likiwa ndani ya maji hufanya chombo kigome kuinuka. Wewe unajua wavu wako. Huenda ni kubeti, huenda ni uhusiano wa haramu, huenda ni uongo unaoupeleka nyumbani kila wiki. Wavu wangu ulikuwa uongo. Wanazuoni wanatufundisha kwamba toba ni kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na kama kuna haki ya mtu, kumrudishia. Nabii Yunus (A.S.) ndani ya giza hakumlaumu samaki wala bahari. Alimtakasa Mola wake, akakiri kosa lake, akaokolewa. Na katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 88, Allah anatuahidi kwamba hivyo ndivyo anavyowaokoa waumini.

La tatu: weka uzito wako. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Jerikeni ya mjomba ilikuwa imefungwa kabla ya dhoruba, na jaketi lake la kujiokoa lilikuwa mwilini. Mwenye katamarani husimama juu ya mtumbwi wa chini, akashika kamba, akaegemea nyuma. Akiwa mwepesi mno, hujaza mfuko maji na kuuning'iniza ili aongeze uzito. Nasi tuna cha kuongeza: istighfari, sijda ndefu ya usiku, na zile tasbihi ambazo Mtume ametufundisha kwamba ni nyepesi kwa ulimi na nzito kwenye mizani. Chombo kikielekezwa vizuri, upepo ule ule uliokiangusha huingia chini ya tanga na kusaidia kukiinua. Mtihani uliokuangusha unaweza kuwa ndio utakaokurudisha kwa Mola wako.

La nne: kikiinuka, kishike. Katamarani iliyoinuka bila mtu huweza kukimbizwa na upepo haraka kuliko muogeleaji. Soma Surat Yunus, aya ya 22 na 23: watu waliomwomba Allah kwa ikhlasi mawimbi yalipowazunguka, kisha walipookolewa wakarudia uovu. Wiki ya kwanza baada ya toba ndiyo wiki ya kushika kwa mikono miwili.

Jioni ile nilimwambia mama. Alilia, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikarudi chuoni, nikasajili upya masomo yale mawili, na Ijumaa nikasimama safu ya mwisho. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilifurahi, lakini pia niliumia. Ijumaa ngapi nilikuwa sipo, na hakuna aliyebisha mlango wangu?

Basi, ndugu yangu uliye nchi kavu: ukiona nafasi ya mwenzako iko wazi Ijumaa mbili, nenda chumbani kwake. Usianze na mawaidha. Muulize amekula nini. Nawe uliye majini, inua tochi. Mwambie mtu mmoja leo, kabla ya Isha. Jina katamarani limetokana na lugha ya Kitamili, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Jumuiya yetu nayo iwe hivyo.

Ee Mola wetu, mshike aliyepinduka usiku huu na hakuna anayejua. Mrudishie chombo chake, na utufanye sisi kuwa wale watakaoiona tochi yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.