Maji Safi kwa Jicho, Sumu kwa Mwili

Bismillahir Rahmanir Rahim. Amma baad.

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, si mbali na Kolandoto, Shinyanga, ulibomoka, tope likafunika mashamba na makazi. Tope lile kila mtu aliliona. Lakini huko Geita wachimbaji wadogo huishika dhahabu kwa zebaki. Nayo ikimwagika mtoni haigeuzi maji rangi, wala tamu, wala harufu. Huingia katika matope, kisha samaki, kisha mlaji, ikaharibu mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni. Maradhi hayo yalijulikana Minamata, Japani, mwaka 1956.

Huenda mtu akasema: Maji yasiyobadilika ni tohara, basi yafaa. Jawabu: tohara ni hukumu moja, na madhara ni hukumu nyingine. Kitu chaweza kuwa tohara, na kukinywa kukawa haramu, kwa kuwa ni sumu.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, mgonjwa huacha maji akatayamamu kwa neno la tabibu mwadilifu. Vivyo hivyo neno la mpimaji maji mwaminifu lapasa kufuatwa. Jicho si hoja.

Basi auzaye dhahabu, na amnunuliaye mkewe kidani, na aulize imetokaje. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru. Na akaaye chini ya mto ni jirani, ana haki yake.

Wallahu aalam.