Niko Sawa, Mama

Jumapili iliyopita tulimwombea kijana wetu anayeenda Ujerumani mwaka mmoja, kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Kuna neno nilikuwa nalo pale mbele nikalimeza, kwa sababu linanihusu.

Mwaka 2014 kijana huyo nilikuwa mimi. Nilienda Leipzig nikiwa mwaka wa tatu wa biashara, na wengine wenu mlitoa kwa harambee yangu. Desemba jua la huko linazama saa kumi jioni. Jumapili maduka yamefungwa, barabara kimya, na hiyo ndiyo siku Mama alikuwa anapiga simu.

"Uko aje, kijana wangu?"

"Niko sawa, Mama."

"Kanisa unaenda?"

"Naenda."

Sikuwa naenda. Nilikuwa kitandani tangu Jumamosi, nimekula mkate tu. Februari nikaanguka mtihani wa uhasibu, na bado nikasema masomo ni mazuri.

Huo ni uongo, ama ni upendo? Mimi niliuita upendo. Mama ana presha, sasa ningemwambia nini? Lakini nikijichunguza, sikuwa namlinda yeye. Nilikuwa nalinda jina la yule kijana aliyechangiwa. Sisi watu wa biashara tunajua kuficha hasara kwenye vitabu. Hasara haipungui, ila inakosa mtu wa kuizuia mapema.

Hata hivyo wacha niseme yote: sikudanganya peke yangu. Wiki ya tatu tu meseji zilianza, karo ya binamu, simu, "usitusahau". Na ile pesa ya harambee ilikuwa imefungiwa benki kuonyesha nitajikimu, natolewa kiasi kidogo kila mwezi. Kazi, sheria ya wakati huo ilimruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya siku 120 nzima kwa mwaka (sasa ni 140). Mngejuaje, na mimi natuma picha nikicheka kwenye theluji? Lakini pia hakuna aliyeniuliza swali ambalo ningeweza kulijibu, "Vibaya."

Danieli naye alikuwa mwanafunzi ugenini, tena kwa lazima. Miaka mitatu ya kufundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo, mpaka jina wakambadilisha. Huwa tunahubiri chakula alichokataa. Mimi siku hizi naangalia vile alivyokataa. Hakumwaga sahani chini ya meza. Alimwendea mkuu akasema wazi, mkuu naye akakiri anaogopea kichwa chake, ndipo Danieli akamwomba msimamizi siku kumi za kujaribu. Na sura ya pili, maisha yao yalipokuwa hatarini, alienda nyumbani akawaeleza wenzake watatu.

Mimi niliongea Machi. Nilimwambia Mama mtihani, kanisa, kitanda, kila kitu. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Unakula nini?" Jumapili iliyofuata alipiga saa ile ile, akaombea ule mtihani akiutaja.

Kijana wetu anasafiri mwisho wa mwezi, na namba yake mtaipata kwa ofisi ya vijana. Mkipiga, msianze na pesa wala theluji. Muulizeni amekula nini, na Jumapili alikuwa wapi. Akinyamaza, msikate simu.